Meneja Asijione Jukwaani

Jumatatu, 4 Machi
Nimemaliza kuandika mchezo wa sherehe ya karakana yetu ya samani. Kurasa kumi na mbili. Bosi bahili anafungia misumari kabatini na kuwagawia mafundi mmoja mmoja, kama vidonge. Anaitwa Mzee Kufuli. Meneja wetu naye hufungia misumari kabatini. Hayo hayahusiani. Kila mahali pa kazi pana Kufuli wake. Na Meneja hahudhurii sherehe, hutuma salamu tu.

Jumanne, 5 Machi
Meneja anahudhuria. Anakuja na mkewe. Wametengewa viti vya mbele. Chakula cha usiku nimekisukuma pembeni. Mke wangu kaniuliza naumwa wapi. Nikamwambia ukurasa wa tatu.

Jumatano, 6 Machi
Mpango wa kwanza: Kufuli awe na ndevu hadi kifuani. Fundi Randa, anayemwigiza, amekataa, zinamwasha. Mpango wa pili: Kufuli awe mkarimu, agawe misumari kwa ndoo. Tukajaribu. Mchezo ukaisha kwa dakika mbili. Fundi Randa akalalamika kwamba sasa hana kazi jukwaani ila kusalimia watu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempelekea mchezo shemeji, mdogo wa mke wangu, mwalimu. Nikamwomba anifichie Kufuli. Akasoma, akacheka.
"Muache bahili wako, shemeji," akasema. "Watu wanamjua, kila mtu ana wake nyumbani. Unachokosa ni mjanja wa kumzunguka. Bila huyo, bahili atakaa tu na funguo zake, hadithi haitembei."
Akaahidi kumwandika mwenyewe. Sikubisha. Mpango wa tatu ninao: siku ya sherehe nitaumwa mgongo.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu hakuuamini mgongo. Nikaenda. Nikakaa nyuma, jirani na mlango, kamba za viatu nimezikaza. Kufuli alipotoa ufunguo, ukumbi mzima uligeuka kumtazama Meneja. Nikakishika kitasa cha mlango.
Meneja akacheka. Akavua miwani, akafuta machozi, akamwambia mkewe kwa sauti, "Huyu ni baba yako mtupu."
Mkewe hakuangalia jukwaa. Alimwangalia yeye.
Nikashusha pumzi niliyoibana tangu Jumanne. Baadaye Meneja alinishika mkono, akasema watu wa aina ya Kufuli wapo, wanasikitisha, niendelee kuwafichua. Nimeahidi.

Jumapili, 10 Machi
Nimelala fofofo. Kinachonikera ni kwamba sifa nyingi zimemwendea yule mjanja wa shemeji, Bwana Mipango. Kila anachopanga kinamwangukia kichwani, na mwisho anaokolewa na jambo ambalo hakulipanga kabisa. Watu walicheka huku wakigeuka kunitazama. Ndiyo heshima ya mwandishi. Mke wangu alicheka mpaka akakishika kiti cha mbele asianguke.
Leo nimemuuliza shemeji mtu mpumbavu kiasi kile kamtoa wapi. Akasema hapa hapa karibu. Nimewaza asubuhi nzima. Ni kinyozi wa mtaani kwetu, hakuna mwingine. Masikini, akijijua ataumia. Nimeshaandaa mipango mitatu ya kumzuia asisikie.