Mitetea Sita na Kadi za Mayai

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka na akili mpya! Tangu vita vianze, kila mtu hupata mayai mawili kwa wiki. Lakini mfugaji akisalimisha kadi yake ya mayai, hupewa pumba za kuku. Mwenzangu akauliza sasa tutakula nini. Nikamjibu mayai yetu wenyewe, mke wangu, bila foleni! Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kina miezi miwili sasa. Daktari kasema ale yai kila siku. Kila siku! Ndiyo maana nafuga.

Jumatano, 5 Machi
Kadi zote mbili nimesalimisha. Saa yangu ya mkono imeniletea mitetea sita, wanaokaribia kutaga. Banda nimelijenga kwa mlango wa kabati la nguo. Jirani yangu, fundi cherehani, mwenye kuku watatu wa kutia huruma, akachungulia juu ya ukuta na kuuliza mbona wana mikia mirefu hivyo. Husuda!

Jumatatu, 10 Machi
Alfajiri watano wamewika. Watano! Mtaa mzima umeamka. Upande wa pili wa ukuta fundi cherehani alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Wa sita hakuwika. Nimemwita Bibi Harusi.

Alhamisi, 13 Machi
Pumba zimekwisha. Majogoo wamefukua mchicha wangu wote. Leo mwenzangu hakuinuka kitandani. Akaomba kwa upole tuchinje jogoo mmoja, apate mchuzi. Nikamwambia avute subira, nina mpango wa kuwabadilisha kwa mitetea wa kweli. Akasema haya. Siku zote husema haya.
Jioni fundi cherehani akabisha hodi, mayai mawili ndani ya kikombe. Akasema ni ya shemeji, hayana masharti. Nikamwambia kwetu mayai yapo. Akatazama banda, akatazama viatu vyake, akaenda zake.

Jumapili, 16 Machi
Bibi Harusi ametaga! Moja, dogo, lakini yai! Nikalichemsha, nikampelekea mwenzangu mbio. Hakuweza kumeza. Alilishika tu, viganja vipate joto. Akasema, “Kula wewe, umekonda.” Nikala nusu. Halafu na nusu yake. Mungu anisamehe, nilikuwa na njaa, naye alikuwa akinitazama na kutabasamu.

Jumatano, 19 Machi
Tumemzika leo saa kumi.
Majogoo wote watano wamechinjwa kwa ajili ya waliokuja. Mchuzi ukasifiwa. Mimi sikuuonja.
Fundi cherehani aliona kifungo cha koti langu kinaning’inia. Akakishona papo hapo, nikiwa nimelivaa. Alipokata uzi akaniambia. Wiki ile ya kwanza, kila nilipokuwa kwenye foleni ya pumba, alikuwa akimpa mwenzangu yai juu ya ukuta. Mwenzangu alimwapisha nisijue, nisije nikavunjika moyo. Kumbe ndiyo maana Alhamisi alikuja mlangoni. Ukutani hapakuwa na wa kupokea.

Ijumaa, 21 Machi
Nimerudisha ofisini kadi zake nyingine za mgao. Karani akapiga muhuri bila kuinua uso. Nyumbani nikapakua sahani mbili. Nikala zote mbili, nimesimama.

Jumatatu, 24 Machi
Fundi cherehani kaja na shauri. Bibi Harusi akae na kuku wake watatu, mayai tugawane, na mchana niwe nakula kwake. Mtu mwema. Nilishindwa kumtazama usoni. Nikamwambia nitafikiri.
Nimefikiri. Nimempeleka Bibi Harusi sokoni, nikarudi na sungura wawili. Sungura hawahitaji pumba! Kufikia Juni watakuwa arobaini. Nitampelekea fundi mmoja mnono kila Jumapili, tuone nani atamlisha nani. Kuna mtu kaniambia wakilishwa maganda ya viazi huzaa haraka, kwa hiyo viazi vyangu vya wiki nzima nimewamenyea wao. Muuzaji kasema ni dume na jike. Yupi ni yupi, sijajua.