Sabufa, Mama Mkwe na Toleo la Majaribio

Ndugu zangu, leo nimeaibika kwa kiwango ambacho Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote, hakijakiwekea neno. Naandika nikiwa nimejificha chumbani, hapa hapa Nyahanga, Kahama, na sina mpango wa kutoka.

Nianze na chanzo, maana mimi ni mtu wa vyanzo.

Leo saa nne asubuhi nilipaswa kutetea andiko langu la utafiti wa shahada ya uzamili, kwa njia ya video, mbele ya jopo la watu watatu. Utafiti unahusu zebaki katika maji ya visima vilivyo karibu na mialo ya kuoshea dhahabu kule Geita. Nikishindwa leo, kikao kingine ni mwakani, na ruhusa ya masomo niliyopewa na mwajiri wangu inakwisha mwaka huu. Kwa hiyo halikuwa jambo la kuchezea. (Nikalichezea.)

Kompyuta yangu inatumia Linux. Kwa wasioijua: mfumo nilionao hutolewa kwa sura mbili. Kuna toleo thabiti, ambalo programu zake ni za zamani kidogo lakini zimejaribiwa mpaka zimechoka. Halikushangazi hata siku moja. Na kuna toleo la majaribio, ambalo bado linajengwa. Lina kila kitu kipya, yakiwemo makosa mapya. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijadiliana na nafsi yangu nikae na lipi. Programu yangu ya ramani, katika toleo thabiti, hupaka visima vyote rangi moja ya njano. Katika toleo la majaribio, kila kisima hupata rangi kwa kadiri ya zebaki yake, kutoka njano hadi wekundu wa kutisha. Je, jopo lingekiogopa kisima cha njano? Je, uthabiti usio na rangi ni uthabiti au ni woga? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo.

Asubuhi hii nikaamua. Nikahamia toleo la majaribio.

Mke wangu, Kabula, alinikuta nikitazama maandishi yakiporomoka kwenye kioo. Yeye alikuwa akimfunga mtoto mgongoni, tayari kwa kliniki.

"Baba Limi, hiyo kompyuta jana ilikuwa mbovu?"

"Hapana."

"Sasa unaitengeneza nini?"

"Siitengenezi. Naiboresha."

"Haya. Mama yuko sebuleni, nimemwekea chai na michembe ya viazi. Usimsumbue."

Usimsumbue! Ningemsumbua vipi? Mama mkwe amekuja kutoka Kagongwa kumwona mjukuu, na tangu afike naishi katika nyumba yangu kama mwizi mwenye adabu. Kwetu Usukumani, mwanaume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Hakai naye, hali naye, hamtazami. Likiwapo neno, hupitia kwa mtu wa tatu. Najua, vijana wa mjini mmelegeza. Mama mkwe wangu hajalegeza. Yeye ni toleo thabiti. Akiwa sebuleni, mimi niko chumbani. Akienda uani, mimi napita sebuleni mbio. Kabula ndiye daraja letu, na daraja likaondoka kwenda kliniki.

Muda ulipofika nilikuwa tayari. Koti, tai, shati jeupe. Chini, kanga ya mke wangu. (Kahama kuna joto, na kamera huishia kifuani. Nililifikiria hilo kwa kina.) Ramani iliwaka rangi zote. Moyo ukatulia. Nikaingia kikaoni.

Midomo ya wanajopo ikacheza. Sauti hakuna.

Kumbe sauti ilikuwapo. Ilikuwa sebuleni!

Mama mkwe alikuwa akisikiliza kwaya kwenye sabufa yetu. Siku ya sherehe ya kumtoa mtoto nje niliiunganisha kompyuta na sabufa hiyo kwa blututhi ili tupige muziki. Toleo thabiti lilikuwa na staha ya kusubiri niombe. Toleo la majaribio halikusubiri. Liliiona sabufa, likaipenda, likaivamia. Kwaya ikakatika katikati ya aleluya, na sauti ya Profesa, mwenyekiti wa jopo, ikatoka kwa besi iliyotikisa mabati:

"HABARI ZA ASUBUHI. TUNAONANA?"

Kutoka upande wa pili wa pazia (mlango wa chumba chetu bado uko kwa fundi), nikasikia mama mkwe akijibu kwa heshima zote:

"Nzuri, baba. Hatuonani. Uko wapi?"

Maikrofoni yangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa nzima kabisa.

Profesa alikunja uso, kisha akatabasamu. Lafudhi aliitambua, maana naye ni Msukuma wa Kwimba aliyekaa Pwani miaka mingi.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba! Karibu. Kaa, kuna michembe."

Nikarukia mipangilio ya sauti. Dirisha likafunguka, likapotea. Nikarudia. Likapotea kwa haraka zaidi. Spika za kompyuta yenyewe? Mfumo mpya haukuzitambua. Kwa maoni yake, sijawahi kuwa nazo. Simu? Ndiyo iliyokuwa ikiipa kompyuta intaneti, na maikrofoni yake ilikufa siku ilipotumbukia kwenye ndoo. Nikabaki na njia mbili: nizime blututhi nisisikie chochote, au niiache nihojiwe kupitia sebule ya mama mkwe. Nikaanza kupima faida na hasara za kila njia.

Nilipokuwa napima, kikao kikaendelea bila mimi.

"Mwanafunzi wetu yupo?" aliuliza Profesa.

"Yupo chumbani. Amejificha. Mimi ni mama wa mkewe."

"Aah! Basi ana adabu."

"Adabu anayo, baba. Kuamua ndiyo hawezi."

Nikakohoa. "Profesa, samahani, nipo, naomba..."

"Subiri kidogo, kijana. Mama anaongea."

Msimamizi wangu, mjumbe wa pili wa jopo, mtu ambaye kumpata kwa mazungumzo mafupi ni kama kupata dhahabu kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa, alikuwa ameegemea mbele kama anatazama mpira. "Hawezi kuamua vipi, mama?"

"Mjukuu wangu alikaa bila jina mpaka kitovu kikadondoka! Baba yake anasoma maana za majina. Wageni wakiuliza mtoto anaitwa nani, tunawaambia bado, baba yake anafanya utafiti. Nikaona hapana. Nikasema huyu ni Limi, yamekwisha, leteni uji."

Jopo zima likacheka, na kicheko kikatoka kwa besi. Jirani akauliza kwa sauti kuna sherehe gani.

Hapo nikabuni mbinu. Sabufa ikizimwa, kompyuta itakosa pa kukimbilia na italazimika kuzikumbuka spika zake. (Nadharia tu, lakini nadharia nzuri.) Tatizo: mtahiniwa haruhusiwi kutoka mbele ya kamera, na mimi siruhusiwi kumtazama mkwe. Suluhisho: nitoke kinyumenyume, mgongo ukiwa kwake, nimebeba kompyuta mbele ya uso wangu. Nifike kwenye kiti kilicho kando ya sabufa, nipeleke mkono nyuma, kitufe, basi. Kimantiki haikuwa na dosari.

Nikatoka.

"Kijana, mbona unarudi nyuma?" Profesa alinguruma kutoka mgongoni mwangu.

"Natatua tatizo la kiufundi, Profesa."

Sasa, mama mkwe naye ni mtu wa adabu. Aliposikia nyayo zangu alijifunika uso kwa mtandio, akachukua sahani yake ya michembe, akahama kochi kubwa ili anipishe. Akaenda kukaa kwenye kile kiti kilicho kando ya sabufa. Yaani sote wawili tulikuwa tunakimbiana, na tulikimbiana kuelekea mahali pamoja.

Visigino vyangu vikagonga kitu. Nikapepesuka. Kanga ikanasa kwenye kona ya meza na kubaki huko. Nikakaa.

Si kwenye kiti.

Ndugu zangu, nimekaa kwenye mapaja ya mama mkwe wangu! Mimi, mwenye koti, tai na bukta, nimepakatwa kama Limi, michembe ikiwa kati yetu, kompyuta nimeinyanyua juu kwa mikono miwili ili isivunjike, ikituonyesha sote kuanzia kichwani hadi magotini. (Nakiri kwamba picha ya toleo la majaribio ni angavu kuliko ya zamani.)

"YESU WANGU!" alipiga kelele mama mkwe.

Profesa alijifunika uso kwa viganja. "Mimi Msukuma! Sijaona kitu! Zimeni kamera, jamani, zimeni!"

Mjumbe wa tatu, mhadhiri mmoja wa Pwani ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, akauliza taratibu:

"Samahani, hii ni sehemu ya mbinu za utafiti?"

Jinsi nilivyorudi chumbani sikumbuki. Mama mkwe alikimbilia uani, nami nikatetea andiko langu nyuma ya pazia, maswali yakinijia kwa besi kutoka sebuleni. Nilijibu kwa ufupi ambao sijawahi kuufikia maishani. Sikuwa na nguvu ya kufikiria jibu la pili. Rangi za ramani hakuna aliyezitaja. Hakuna!

"Andiko limepita," alisema Profesa mwishoni, kamera yake ikiwa bado imezimwa. Nilitaka kulia. "Kwa marekebisho mawili. Kwanza, umependekeza njia tatu za kuchukua sampuli. Chagua moja. Pili, na hili nalisema kama mzee wa Kisukuma, si kama mwenyekiti: kumkalia mkwe kuna faini. Mpelekee mama mbuzi kabla ya kurudisha andiko. Nitauliza."

Kabula amerudi. Habari alizipata kwa jirani kabla ya kufika mlangoni, na ameingia akicheka huku ameshika ukuta. Amekwenda uani, amezungumza na mama yake, amerudi kwangu.

"Mama amekubali mbuzi."

"Jike au beberu?"

"Hajasema."

Hajasema! Jike atazaa, lakini huenda akaonekana kama nyongeza ya mahari. Beberu ataliwa siku moja, lakini je, aibu hii inaisha kwa siku moja? Naombeni ushauri, si vicheko. Na asiniambie mtu ninunue wote wawili, hilo nimeshalifikiria.