Mlango wa Ndege Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi

Baba ametoroka tena. Hapana, yeye hawezi kulikubali neno hilo. Baba amekwenda kazini tena. Tatizo ni kwamba kazi yenyewe haipo. Duka lake la ushonaji tuliliuza alipoanza kutusahau majina, na sasa pale pana kinyozi. Lakini kukicha tu anavaa koti, anatia tepu ya kupimia shingoni, anatoka kimya kimya kwenda kufungua duka. Leo nimemkuta kasimama mlangoni pa kinyozi, anamwambia kama ni mteja basi asubiri nje. Na kinyozi, Mungu ambariki, alikuwa anasubiri nje.

Dada mkubwa kapiga simu kabla sijavua viatu. Sijui nani kamwambia. (Najua. Mke wangu.) Anakuja Jumamosi. Akikuta mzee bado anatoka hovyo, anaondoka naye. Kwake ni mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, lakini kuna geti na mlinzi. Nikamwambia Baba haendi popote. Akasema ndicho anachokitaka na yeye, asiende popote. Dada ananishinda kwa maneno tangu nilipokuwa natambaa.

Baba akienda kule, mimi nitabaki na nani? Nimeandika hivyo na sasa naona haya. Lakini ndivyo ilivyo, na shajara ni yangu.

Nimekula kiapo. Mimi ni fundi wa milango ya ndege. Karakanani wananiita Bwana Kitasa. Hakuna mlango niliofunga mimi uliowahi kufunguka angani. Nitashindwa na mlango wa sebule?

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Nyuma ya karakana kuna ndege ndogo iliyostaafu, tunaikata kwa ajili ya vyuma chakavu. Mlango wake wa abiria una mfumo kamili wa kufungia. Mpini mmoja tu, ukigeuka, pini nne nene zinatoka na kuzama kwenye fremu kwa pamoja. Hakuna ufunguo wa kupotea. Hakuna betri. Chuma kinasukuma chuma mwenzake. Nikiufikiria moyo unalainika.

Nikamwomba msimamizi. Akauliza wa kazi gani. Nikasema wa nyumbani. Akanitazama weee, akauliza nyumba yetu inakwenda wapi. Kisha akatia saini. Nadhani ananihurumia tangu habari za Baba zilipomfikia.

Mke wangu kaupokea mfumo akiwa ameshika kiuno. Nikamwelezea uzuri wake. Ndege ikipaa, kuna kikomeo kidogo kinajisukuma chenyewe chini ya mpini, na hapo hata abiria apandwe na wazimu, mpini hausogei ng'o. Akauliza, na ndege ikiwa chini? Nikasema ikiwa chini kikomeo kinaachia, ili watu waweze kutoka. Akaendelea kunitazama, kana kwamba kuna jambo anasubiri niligundue. Sikujua ni jambo gani. Wanawake wakati mwingine ni mafumbo.

Shemeji kaja kunywa chai yetu, kama kawaida yake. Huyu ni kaka wa mke wangu, seremala, mtu wa misumari na makelele. Kasema ndoano moja ya chuma juu ya mlango ingetosha, tena angeifunga huku chai haijapoa. Wivu huo! Nikamwambia kabati letu alilolitengeneza yeye hadi leo tunalifunga kwa kipande cha khanga. Chai akamaliza.

Jumatano, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini na nimeshinda sebuleni. Nimetoboa, nimekaza, nimepaka grisi. Pini nne zimeingia kwenye fremu kwa mlio mmoja mzito, mtamu! Hata kile kidirisha cha alama nimekiweka: kijani, mlango umefungwa sawasawa, nyekundu, bado. Nimefungua na kufunga hadi mke wangu akahamia jikoni na viazi vyake.

Baba alikaa kwenye kigoda chake kunitazama. Halafu akasema mkono wangu ni mzito, lakini nina subira, na fundi ni subira. Miaka yote niliyokuwa mtoto dukani kwake hakuwahi kuniambia hivyo. Nikajifanya naokota skrubu chini.

Mwisho nikachukua rangi nyekundu nikachora mshale mkubwa juu ya mpini, na maneno: INUA, KISHA GEUZA. Mpini wa ndege usio na maelezo ni dhambi. Kazi ni kazi.

Jumamosi Dada atabaki mdomo wazi.

Alhamisi, 7 Machi

Baba ameinua, kisha amegeuza.

Mke wangu alimwona kwa macho yake. Anasema mzee alisimama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho, akafungua kwa mwendo mmoja, akatoka. Nikauliza mbona hakumzuia. Akasema alidhani mfumo utamzuia.

Nimemkuta kwa kinyozi. Alikuwa anamsimulia kinyozi kwamba siku hizi kuna milango ya heshima, inamwambia mtu cha kufanya, si kama ile ya kuhangaisha wazee.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kila mwaka mimi mwenyewe nawafundisha mafundi wapya, tena kwa sauti ya juu: ndege ikiwa ardhini, aliye ndani, awe mgonjwa, awe mwenye hofu, awe gizani, lazima aweze kufungua mlango kwa mwendo mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya huo mpini. Na kikomeo cha kumzuia kinaamka ndege ikipaa tu, na nyumba yetu haijawahi kupaa tangu ijengwe. Nimefunga sebuleni mtambo ambao watu wenye akili zao walikesha kuubuni ili Baba atoke. Mganga hajigangi.

Tulirudi polepole. Baba alinisimamisha njiani, akavuta tepu, akanipima mabega mbele za watu. Kasema la kushoto limeshuka, lakini nisijali, atalificha kwa pamba kidogo ndani ya koti. Akaniuliza jina ili aandike. Nikamtajia. Akasema ni jina zuri, ana mtoto anaitwa hivyo hivyo. Nikamuuliza mtoto huyo yukoje. Akasema ni msumbufu, lakini anampenda.

Nikamwomba anipime tena.

Mke wangu anataka niufute mshale. Nikakataa katakata. Mshale haufutwi! Tumepatana: nimeufunika kwa kalenda.

Ijumaa, 8 Machi

Alfajiri Baba kaifunua kalenda. Alikuwa anataka kuona arusi ya nani inakaribia. Chini yake akakuta mshale.

Shemeji kaja na ndoano yake bila kuitwa, kaipigilia juu kabisa ya mlango, kaniambia nijifunze. Akakaa kungoja chai. Baba akainuka, akavuta kigoda, akapanda, akaitoa ndoano, akashuka, akarudisha kigoda mahali pake. Mtu huyu maisha yake yote ameshusha majora ya vitambaa kutoka rafu za juu! Sura ya shemeji! Mbavu zangu bado zinauma. Wiki nzima sijapata raha kama ile. Ilinichukua muda kidogo kukumbuka kwamba Baba alikuwa ameshatoka.

Nimemfuata na viatu vya kushoto na kulia nimevigeuza. Hatukuharakisha kurudi. Kinyozi alituletea viti viwili nje, tukakaa tunatazama watu wanavyovaa. Baba anaweza kumtambua mtu aliyenunua suruali bila kupima. Anawahurumia sana.

Mpango mpya, na huu hauna dosari. Nimening'iniza kengele ya baiskeli kwenye mpini. Akiinua tu, nasikia. Pia nimeung'oa mpini wa nje, ili shemeji asiingie kupigilia ndoano nyingine nikiwa kazini. Sasa mlango unafunguliwa kwa ndani tu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi!

Baba ameipenda kengele. Ameipiga tangu adhuhuri. Kila ikilia anasema karibu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejipalia makaa ya moto.

Dada amefika na teksi iliyojaa mizigo. Tukatoka wote kumpokea, mimi, mke wangu na shemeji, ambaye alitaka kuona nikiaibika. Nikawa nimebeba sanduku mkono huu na maneno mazuri kuhusu usalama wa nyumba mkono ule. Nyuma yangu nikasikia mlio mmoja mzito, mtamu.

Pini nne. Kidirisha, kijani kibichi. Baba ndani. Mpini wa nje, ndani ya droo ya jikoni.

Nikamwambia Dada hii ni dalili kwamba mfumo unafanya kazi. Akaniuliza unamfanyia kazi nani.

Madirisha yana nondo, shemeji mwenyewe alizifunga, na kwa mara ya kwanza kazi yake ilikuwa imara. Nikagonga. Baba akasema kwa ndani kwamba duka halijafunguliwa. Nikasema ni mimi, mwanao. Akasema mwanawe yuko shule. Mke wangu akambembeleza kwa sauti tamu. Akamjibu kwa heshima zote kwamba nguo za mama hazijaguswa bado, arudi Jumatano. Shemeji akapendekeza shoka. Nikamwambia mlango huu umetengenezwa kustahimili anga! Akasema fremu ni ya mbao. Tukaanza kusukumana pale pale, watu wazima, mbele ya dereva wa teksi.

Kisha nikasikia jiko. Yaani, nikakumbuka jiko. Tuliacha sufuria motoni. Si kwa ajili ya Dada tena, wala shemeji, wala mfumo. Mzee wangu yuko ndani na moto, na mimi ndiye niliyemfungia. Nikaanza kuugonga mlango kwa kichwa.

Dada akanisogeza kando. Akapiga magoti, na magoti yake siku hizi hayataki, akaweka mdomo kwenye tundu lililoachwa na mpini wa nje. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto: "Shikamoo fundi. Nimetumwa kuchukua gauni langu la shule."

Kisha kengele ikalia. Baba akainua, akageuza, mwendo mmoja, mlango ukafunguka. Akamtazama pale chini. Akasema, "Liko tayari tangu jana, Sindano. Mbona umechelewa?"

Sindano ndilo jina alilokuwa akimwita Dada udogoni, kwa wembamba. Sasa Dada ni mwanamke wa kujaza mlango. Alimkumbatia miguu akalia, na Baba akampapasa kichwa huku akimwonya asikunje upindo. Mke wangu alipita mbio kuzima jiko. Viazi vilikuwa vimeungua, basi.

Jumapili, 10 Machi

Leo Dada amemuuliza Baba mwenyewe, kwa upole, kama angependa kwenda kukaa kwake. Mimi nilikuwa nakaza skrubu za mlango, yaani nasikiliza.

Baba akasema angekwenda kwa furaha, lakini duka atamwachia nani. Akanielekeza kwa kidevu. Kasema ana mwanafunzi, yule pale, mzito wa kuelewa, mkono mbaya. Ila kila asubuhi akifika dukani na kugeuka nyuma, anamkuta. Siku nyingine kavaa viatu vya kugeuza, lakini yupo. Kasema akiondoka, kijana yule atazubaa njiani peke yake.

Dada akanitazama muda mrefu. Sikuinua macho. Skrubu zilikuwa zimeanza kutiwa ukungu, au ni macho yangu.

Baadaye akaniita uani. Baba anabaki! Amesema nirudishe mpini wa nje leo hii, nimpe kinyozi namba zetu zote za simu, na nisimwache mzee atoke peke yake. Nikamshukuru kwa kuuamini mfumo. Akasema haamini hata skrubu moja ya mfumo ule. Akasema kinachomlinda Baba hapa ni mimi, kwamba namfuata. Nikacheka kidogo. Dada ana moyo mzuri, lakini mambo ya ufundi hayajui kabisa. Mtu hawezi kuwa kitasa.

Jumatatu, 11 Machi

Kengele ililia kukipambazuka. Nilikuwa nimeshaamka, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, viatu miguuni, chai yetu kwenye chupa. Baba akaniambia leo angalau nimewahi. Akanishika mkono, tukatoka. Kinyozi alishaviweka viti viwili nje.

Tumekaa pale mpaka saa ya mimi kwenda karakanani. Asubuhi njema kupita zote. Nimetumia muda ule vizuri, nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kuchagua mlango wa abiria! Mlango wa mizigo ndio wenyewe. Ule unafungwa kwa nje tu, kwa ndani hauna mpini kabisa, maana masanduku hayatoki yenyewe. Msimamizi anao mmoja nyuma ya karakana. Nitamwomba kesho. Baba hatatoka tena asubuhi, hata afanyeje.

Kuna kikwazo kimoja kidogo tu. Mimi na yeye tutatokaje asubuhi kwenda dukani? Itabidi nitafute namna ya kuuwekea mpini kwa ndani.