Baba Alivyorusha Ndege za Vita

Leo nimeaibika, tena kwa bidii yangu mwenyewe. Ninyi rafiki zangu wa Werugha nawaandikia mapema, kabla watu wa Mbololo hawajawaletea habari iliyotiwa chumvi.

Mnajua picha yetu ya familia ililiwa na mchwa. Walianzia usoni mwa baba, wakaacha viatu. Ikabaki filamu aliyopewa wakati wa vita, alipofanya kazi uwanja wa ndege. Tangu wazazi wafariki naitunza mimi. Kila Krismasi naifuta kwa kitambaa kikavu, mwanzo hadi mwisho, huku nikiikunja kwenye kigurudumu kingine. (Shule niliacha mapema, lakini usafi naujua.) Wakesho, kitindamimba wetu, hakumbuki uso wa baba. Nilimwahidi atauona.

Leo bwana wa sinema amefika Voi na gari lake. Nikamsihi mpaka akakubali. Tukafunga milango ya godauni la mkonge, watu wakajaa. Nikasimama, nikatangaza kwamba baba yangu ndiye aliyerusha ndege za vita. (Mwenyewe alikuwa akisema, "Bila mimi hairuki hata moja.")

Picha ikatokea. Ndege iko chali. Inarudi kinyumenyume. Watu wananing'inia kama popo.

"Kumbe mzee alirusha hivi," akasema fundi mmoja wa reli. "Ndiyo maana vita vilichelewa kwisha."

Bwana wa sinema akazima mashine. "Nani alikunja hii?"

"Mimi."

"Umeufanya mwisho kuwa mwanzo."

Kumbe kila Krismasi nilikuwa naigeuza. Leo tumeangukia mwaka wa miguu juu.

Akaipanga upya. Sasa ndege imesimama vizuri, na mbele yake, pale inapopaswa kukimbilia, kuna kundi la mbuzi. Akatokea mwanamume mwenye fimbo na kaptura kubwa kumzidi, akawafukuza. Beberu mmoja akageuka. Mwanamume akatupa fimbo, akatimka moja kwa moja kuelekea kamera. Nyuma yake ndege ikaruka.

Godauni zima likacheka.

Wakesho akanivuta shati. "Kaka, baba ni yule rubani?"

Ningeweza kunyamaza.

"Hapana. Ni yule wa mbuzi." (Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hata wa mlangoni walisikia.)

Wakesho akamwita bwana wa sinema. "Tafadhali rudisha pale beberu anapomkimbiza. Ndipo uso wake unaonekana vizuri."

Tumeirudia mara nne.

Jumapili tunakuja huko. Nawaomba msicheke, ingawa mtapata shida: Wakesho ameshajifunza mbio za baba, na anataka kuwaonyesha.