Tabo kwa Pikapu ya Mama

Jumatatu, 3 Juni
Aibu! Pikapu ya Mama imepanda tena mlima wa shule kinyumenyume. Ikibeba matofali, gia za mbele haziifikishi hata nusu. Rivasi ndiyo gia yake yenye nguvu. Darasa zima dirishani. Mama, shingo kaigeuza nyuma, akampungia mkono mwalimu wetu wa sayansi. Mwalimu naye akapunga. Mtu mwenye adabu sana.

Jioni Kaka akasema iuzwe. (Yuko mwaka wa kwanza chuo cha ufundi na anataka tumwite Injinia.) Mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja Jumamosi. Mama akakubali. Pikapu iliyotulea! Nikasimama nikatangaza kwamba Jumamosi itapanda ikitazama mbele, na mzigo wake, na ikipanda haiuzwi. Nitaifunga tabo. Mama akasema haya. Kaka alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Jumanne, 4 Juni
Sayansi iko upande wangu. Moshi wa injini hutoka kwa kasi na kupotea bure. Tabo huutumia kuzungusha feni, feni husukuma hewa ndani ya injini, dizeli inaungua vizuri, nguvu zinaongezeka. Mwalimu alichora ubaoni. Kaka anadai amesoma hayo. Hayajamkaa.

Fundi wa gereji ya kona anayo tabo ya lori lililokufa. Nikimpakia rangi kibao chake, ni yangu. Akaonya: "Binti, injini hii ni ajuza. Unamvalisha viatu vya mwanariadha." Nikamjibu kwa heshima kwamba ajuza naye ana miguu.

Jumatano, 5 Juni
Imefungwa! Fundi kafanya kazi nzito. Mimi nimeshika tochi na kushauri. Ukabaki mpira wa kurudisha oili. Oili hupanda kulainisha tabo, kisha hushuka kurudi kwenye injini. Fundi akaitwa barabarani kuvuta basi. Akasema nisiguse kitu, atarudi na mpira mnene.

Mnene wa nini? Oili inayorudi imeshafanya kazi, imechoka, haina haraka. Nimefunga mwembamba, ule wa kumwagilia miche. Umekaa barabara! Aliporudi nikamwambia tayari. Hakuinama kutazama, mgongo unamsumbua.

Alhamisi, 6 Juni
Nimempa Kaka karatasi aniombe radhi mapema, kwa maandishi. Amechora punda mwenye feni mkiani.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi! (Shajara imechanika. Sababu inafuata.)

Mnunuzi alifika asubuhi na mnyororo wake. Mama usukani, mimi pembeni, Kaka nyuma juu ya matofali ili atuone vizuri tukikwama. Tabo ikapiga mluzi. Pikapu ikapanda ikitazama mbele! Mama akapiga vigelegele. Wanafunzi wa masomo ya Jumamosi wote dirishani!

Kileleni Mama akaondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikazidi kasi. Akatoa gia. Ikazidi tena, inalia, moshi wa buluu umetufunika. Kaka akapaza sauti: "Mama, zima!" Mama akautoa mkono dirishani: "Nimezima, baba! Ufunguo si huu hapa!"

Fundi, aliyekuwa akitungoja juu, alikuja mbio, mgongo na yote. Akafungua boneti, akang'oa bomba la hewa, akapiga kelele kwamba injini inakunywa oili yake yenyewe, izibwe pumzi! Mkononi nilikuwa na shajara hii tu. Nikaibandika kwenye mdomo wa hewa. Fyuu! Ukurasa wa Ijumaa ukamezwa, jalada likaganda. Kimya.

Mnunuzi akakunja mnyororo. Alisema yeye hununua vyuma vilivyokufa. Hiki bado kina mambo yake.

Jumapili, 9 Juni
Fundi ameifungua tabo, akauona mpira. Alisema oili ilikosa pa kushukia, ikafurika ndani ya injini. Alisema na mengine. Mama amesema ahadi ni ahadi, pikapu haiuzwi, ila nikiigusa tena nitauzwa mimi. Kesho itapanda kinyumenyume. Sawa. Ilishapanda ikitazama mbele, na mashahidi ninao.

Kaka anauliza kama nimejifunza kitu. Nimejifunza! Ajuza alikuwa ajuza mno. Jenereta ya shule ni ya dizeli pia, umri wake wa makamo, na mkuu wa shule analalamika kila siku kwamba taa zinafifia. Tabo imekaa bure chini ya kitanda changu. Mpira mwembamba nao ni mzima kabisa. Nimeuosha.