Mazabodi Inayowaka Dukani Tu

Jumamosi, 12 Julai

Leo nimeunda kompyuta kwa mikono yangu. Mimi, Elibariki, muuza nailoni wa Kariakoo! Nailoni za meza, za makochi, za magodoro, kwa mita na kwa robota. Ya kununua ikiwa tayari sikuitaka. Nani anajua ndani wameweka nini? Kila kipande nimekinunua duka lake, ili asiwepo muuzaji hata mmoja anayeijua mashine nzima. Mazabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao vitu vingine vyote huchomekwa, nimeichukua kwa Taimur, mwenye duka la vipuri nyuma ya soko. Alitabasamu muda wote akinihudumia. Nimeliweka hilo akilini.

Yote haya ni kwa ajili ya Caroline, mtoto wa marehemu kaka yangu Aaron. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni Jumamosi ijayo, na ameniomba jambo moja tu. Kadi ya kamera ninayo mimi. Ndani yake kuna filamu ya Krismasi ya mwisho kule Machame, Aaron akizungumza. "Baba mdogo, nataka baba asikike ukumbini," aliniambia. Nikamwahidi. Sijaitazama filamu hiyo tangu mazishi. Moyo haujataka.

Leodegar, kaka wa mke wangu na katibu wa kamati ya sendofu, alisema nimpe hiyo kadi, yeye ana laptopu, ni kazi ndogo. Nilikataa. Mtu anayetaka kusaidia bila kuombwa ana lake jambo. Nikamwambia kompyuta yangu itaionyesha vizuri zaidi, tena kwenye skrini kubwa ya ukumbi.

Sasa ufundi wangu. Mazabodi ilikuja ndani ya mfuko wa rangi ya fedha unaong'aa. Mjinga angeutupa. Mimi nimeuacha. Nyumbani kwangu kitu kipya hakivuliwi nailoni: makochi yamo ndani ya nailoni, rimoti imo ndani ya nailoni, friji bado ina stika zake zote. Nimekata upande wa juu wa mfuko kwa mkasi wa mke wangu Theopista, ubao ukabaki umeulalia. Nikapitisha skrubu humo humo mpaka kwenye boksi la chuma la kompyuta, nikazikaza kwa nguvu zote. Safi sana.

Nikawasha. Feni ikatikisika, ikasimama. Kimya.

Jumapili, 13 Julai

Ibadani. Nimeiombea kompyuta. Nimewaombea pia wauzaji wasio waaminifu, bila kutaja jina.

Leodegar akaja kula. Alikula ndizi zetu huku akiitazama kompyuta. Akauliza kama nimechomeka kila kitu. Nikasema ndiyo. Akasema kwamba wakati mwingine ni vizuri kufungua zote na kuanza upya. Amejuaje kwamba haiwaki? Sikumwambia! Theopista anasema ilionekana tu, kwani nilikuwa nimeifunika kwa taulo na kukaa mbele yake nikiilinda.

Alipokwenda kunawa, niliikagua haraka. Skrubu zote zipo. Nikamwambia Theopista huenda kaka yake ameigusa. Akanikumbusha kwamba iligoma jana, kabla kaka yake hajaja. Nikamjibu kwamba ndivyo wanavyotaka tuamini. Akaondoa vyombo mezani.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeipeleka mazabodi kwa Taimur. Peke yake, kwenye kapu, chini ya nyanya, majirani wasijue. Mfuko wa fedha nimeuacha ndani ya boksi la kompyuta ukiningoja, usije ukapoteza umbo.

Taimur akaiweka mazabodi juu ya kasha la karatasi pale kaunta. Akachomeka waya zake. Ikawaka! Skrini nyeupe, feni inavuma, wateja wanatazama. "Bodi nzima hii, Mangi," akasema. Ndivyo wanavyotuita Wachaga wote wenye maduka Kariakoo. Akaniambia nimletee kompyuta yote, tatizo liko kwingine. Nilete yote! Aone kila nilichonacho na nilikokinunua! Nikamshukuru kwa sauti ya mtu asiyejua kitu.

Nyumbani nikairudisha mahali pake, juu ya mfuko wake, nikakaza. Kimya.

Nimefikiri sana. Jibu ni moja tu. Taimur ana mazabodi nzima ya kuonyesha na mbovu ya kufungia wateja. Amebadilisha nilipopiga chafya. Nakumbuka vizuri, nilipiga chafya pale kaunta. Duka lake lina vumbi jingi, na sasa naelewa ni kwa nini halifagii.

Jumatano, 16 Julai

Mtego! Nimechukua rangi ya kucha ya Theopista, nyekundu, nikaweka alama upande wa nyuma wa mazabodi. Nikaipeleka tena. Safari hii sikupiga chafya. Niliibana pua yangu muda wote. Taimur aliniuliza kama naumwa.

Ikawaka. Nikaigeuza: alama ipo. Nikaikumbatia mpaka nyumbani. Alama ipo. Nikaifunga. Kimya.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimekumbuka kwamba Taimur ana mke. Mwenye mke ana rangi ya kucha ndani ya nyumba. Jioni Theopista alitafuta rangi yake, akaniuliza nani ameimaliza wakati yeye alikuwa ameiweka kwa ajili ya sendofu. Nikasema ni mambo ya uchunguzi.

Caroline akapiga simu. Shikamoo baba mdogo, filamu inaendeleaje? Nikasema imekaribia. Akasema amewaomba wenye ukumbi waweke ile skrini karibu na kiti chake, ili baba yake awe kama ameketi naye. Nikajisikia vibaya kweli, japo kosa si langu.

Theopista akasema kwa upole kwamba laptopu ya Leodegar bado ipo. Nikatoka nje kupunga hewa.

Alhamisi, 17 Julai

Upelelezi. Nimefunga duka langu mapema. Nimeazima kofia ya kiua, ile iliyodariziwa, kwa jirani yangu Bakili na miwani ya jua kwa mkewe. Nikasimama kwa muuza juisi ya miwa, ng'ambo ya duka la Taimur. Nikafunua gazeti mbele ya uso. Hakuna aliyenitambua.

Mara ikaja kahawa na kashata. Taimur amenitumia! Aliyeleta akasema, "Mangi, umetumiwa salamu." Nani amemwambia? Kofia ilikuwa imekaa vizuri kabisa. Nikala kashata, kwa kuwa kuirudisha kungeleta maneno.

Lakini nilichemka. Nikavuka mtaa. Nikayasema yote mbele ya wateja wake: mazabodi mbili, vumbi, rangi ya kucha ya mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Taimur hakutabasamu. Aliweka chini bisibisi yake.

"Kesho baada ya swala ya alasiri nakuja kwako Ilala," akasema. "Bodi ikiwa mbovu, nakupa mpya mbele ya mkeo. Ikiwa nzima, utakuja kuniomba radhi hapa hapa, mbele ya hawa waliokusikia."

Nikakubali. Nikamuuliza kwa nini isiwe leo. Akasema leo ana wateja. Nikamwambia basi iwe kesho mchana. Akasema kesho ni Ijumaa, mchana yuko msikitini. Ana jibu la kila kitu.

Ijumaa, 18 Julai

Amekuja. Akavua viatu mlangoni, akamsalimia Theopista kwa heshima, akaketi kwenye kochi. Nailoni ikalia chini yake. Akatazama alipokalia. Akachukua rimoti, akaigeuza, akaigusa nailoni yake. Akatazama friji na stika zake. Nilidhani anavithaminisha vitu vyetu, nikasogea karibu na friji.

Kisha akauliza taratibu: ule mfuko wa fedha uliokuja na bodi uko wapi?

Nikamwambia kwa fahari kwamba upo pale pale unapopaswa kuwa.

Akaomba bisibisi. Akaifungua mazabodi na kuinyanyua. Mfuko ulikuwa na matundu kila mahali. Akatuonyesha: nyuma ya ubao kuna ncha ndogo ndogo, na nilipokaza skrubu zilitoboa mfuko. Ndani ya mfuko ule kuna utando wa metali unaopitisha umeme. Kwa hiyo kila nilipowasha, umeme ulipita mahali pasipotakiwa, na mashine ikajizima kujiokoa. Dukani kwake bodi inakaa juu ya karatasi, ndiyo maana inawaka. Akauvuta mfuko, akaukunja, akanikabidhi. Akaifunga bodi. Akabonyeza.

Ikawaka. Theopista akapiga makofi. Nikamuuliza Taimur kwa nini hakunionya siku ya kwanza. Akasema katika miaka yake yote ya biashara hajawahi kumwona mtu akifanya vile.

Nikachomeka kadi. Aaron akatokea. Kofia yake ya sufu, migomba nyuma yake, mbuzi kafungwa pembeni. Akacheka kabla hajasema neno, kama alivyokuwa siku zote. Nikaizima. Sikuweza. Machozi yalinitoka mbele ya mtu niliyemwita mwizi jana, wala sikujali.

Taimur akauliza jina lake. Nikamwambia. "Mungu amrehemu," akasema. Akanywa chai ya Theopista mpaka ikaisha, akaaga. Habari ya radhi hakuigusa kabisa. Limenikaa rohoni hilo. Ni lazima niende.

Jumamosi, 19 Julai

Sendofu. Kompyuta tuliipeleka kwa gari la Leodegar. Ukumbini alinisaidia kuunganisha waya za skrini kubwa nilipokuwa nabadilisha tai. Kukata vipande vya filamu sikuwahi, kwa hiyo ilipigwa yote, na mbuzi wake.

Aaron alijaza ukuta. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile. Akamwita mwanawe. Akasema: "Caroline, siku ya kuagwa kwako, kama sitakuwepo, mpe baba yako mdogo Elibariki kiti cha mbele. Atakupenda kwa niaba yangu. Ila kivue nailoni kwanza, maana yeye mwenyewe hataivua, atakaa juu yake mpaka azeeke."

Ukumbi ulilipuka. Caroline alicheka huku analia, vipodozi vyote vimeharibika. Akaja mpaka kwenye meza yangu, akanikumbatia shingoni, akakaa hivyo. Nililia kuliko wakati wa mazishi. Nadhani hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimeifanya mwenyewe.

Leodegar naye alinipa mkono. Aliushika kwa muda mrefu kidogo.

Jumatatu, 21 Julai

Nimetulia, nimefikiri. Kule Machame kamera niliishika mimi. Nilisimama hatua chache kutoka kwa Aaron. Maneno ya kiti na nailoni siyakumbuki. Nilipokuwa nabadilisha tai, nani alikuwa peke yake na kompyuta? Siku hizi mwenye laptopu anaweza kumtia mtu yeyote maneno mdomoni. Nimemweleza Theopista. Amekwenda kwa kaka yake kunywa chai.

Kuhusu Taimur, ahadi ni ahadi. Kesho nakwenda kumwomba radhi mbele ya wateja. Maneno nimeyaandaa, mazuri, marefu, na kofia ya Bakili nimeshairudisha ili nisionekane nafanya mzaha.

Kabla ya hapo nimeshughulikia vumbi. Vumbi la Kariakoo linanifuata mpaka Ilala. Dukani nimekata nailoni yangu bora kabisa, ile nzito ya makochi, nikaizungushia kompyuta nzima pande zote, nikaibana kwa selotepu. Siyo ndani, ni nje! Nimejifunza tofauti. Haiingii hata pumzi. Inang'aa, mgeni akiingia atadhani imetoka kiwandani leo.

Nikaiwasha nimtazame Aaron kidogo, peke yangu. Aliongea mpaka kwenye sehemu ya mbuzi, kisha giza. Nikawasha tena. Giza tena. Nimeigusa, ina moto kama pasi.

Ijumaa ilikuwa nzima. Aliyeishika mara ya mwisho kwa bisibisi ni nani? Na ile chai ya Ijumaa, kwa nini Taimur aliinywa polepole vile?

Kesho nakwenda dukani kwake kama nilivyoahidi. Radhi nilikuwa nimeshaiandaa. Sasa naona aanze yeye.