Ofisi ya Wasiwasi wa Wahitimu

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba wasiwasi wa wahitimu wa Kolwezi umekwisha. Niliumaliza mimi, Polycarpe Kanyinda, Mkurugenzi wa Ofisi ya Kuzuia Wasiwasi wa Wahitimu, kabla ya chakula cha mchana.

Uchunguzi ulikuwa rahisi. Mwanafunzi akifaulu mwaka wa mwisho, ndugu wanammwagia poda kichwani mpaka anakuwa mweupe pe, wanampakia kwenye pikipiki ya taxi-moto, wanamzungusha kata yote ya Manika kwa nyimbo. Kesho yake anaoga, anaanza kulia. Kwa hiyo mkosaji ni poda. Nikaipiga marufuku hadi siku mtu atakapopata kazi.

Akaja Abigaëlle Mushiya, mhitimu wa jiolojia, na mama yake Mignonne, aliyekumbatia kopo la poda lisilofunguliwa.

"Tata Directeur, kila fasi minaenda banasema: leta expérience ya miaka tano. Sasa nani ataniacha niipate?"

"Wasiwasi ni tabia mbaya, binti. Mimi sijapata wasiwasi hata siku moja. Shemeji aliniita kwenye kiti hiki, nikaja, nikakaa." Nikaamuru kauli hiyo ibandikwe mlangoni, vijana waige.

"Na poudre yetu?" akauliza Mama Mignonne. "Inazeeka mu boîte!"

Waajiri nao wakalalamika kwamba ninawadekeza vijana. Mimi si mtu wa kuchezewa. Nikatia sahihi agizo: hata katika Ofisi yangu, hakuna atakayeshika cheo bila uzoefu wa miaka mitano katika shughuli yenyewe ya Ofisi.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi, Mama Agnès. Alilisoma agizo kwa heshima zote.

"Kazi ya hii ofisi ni nini, Tata?"

"Wasiwasi, Mama."

"Unakuwa na expérience yake?"

Akageuka, akasoma kauli yangu mlangoni: "Mimi sijapata wasiwasi hata siku moja." Nami nikathibitisha, kwa mujibu wa taratibu, kwamba kauli ni yangu.

Akachungulia benchi la nje, walipokaa wahitimu wakisubiri. "Nani hapa iko na wasiwasi ya miaka tano?"

Abigaëlle akasimama. "Miye, Mama. Tangu première année silalake muzuri."

Mkaguzi akamkabidhi kiti changu papo hapo, na kopo la Mama Mignonne likafunguliwa. Poda ikamwagika kwenye nywele za Abigaëlle, kwenye viatu vya mkaguzi, na nyingi sana kwenye suti yangu nilipokuwa natoka. Huko nje watu wakanipigia makofi: "Félicitations, Tata! Banakupatia kazi?"

Nikakaa kwenye benchi. Mikono ikatoka jasho, poda ikawa uji. Nitakula nini? Nani atanichukua, na umri huu? Shemeji hashiki simu. Niliogopa, jamani, niliogopa kweli.

Nikabisha hodi kwenye mlango wangu, nikaripoti dalili zote.

Mkurugenzi Abigaëlle alinipokea kwa adabu.

"Pole, Tata. Iyo njo expérience inaanza. Urudie kisha miaka tano."